Koti la Marehemu na Malengo Yangu ya Mwaka

Wanangu, mmenialika nije kufunga mwaka nanyi, mkanikalisha kwenye kiti chenye mto, mkanipa chai, kisha mmoja wenu akaniuliza swali ambalo naona alikuwa amelitayarisha tangu asubuhi: "Bibi, ulipokuwa kazini, malengo yako ya mwaka yalikuwa nini?" Nikanywa chai kwanza. Malengo yangu nayakumbuka yote vizuri, maana hakuna hata moja lililochakaa kwa kutumika.

Mnanijua kwa jina la Mama Bupe. Nimeshona mablanketi ya viraka hapa Ibighi, Tukuyu, tangu nikiwa msichana mpaka macho yangu yalipoanza kuona sindano mbili mahali penye moja. Chumba hiki mnachokigombania dirisha kilikuwa cha Bi Zena, Mungu amrehemu, ambaye ndiye aliyenifunza kazi. Baba yake aliuza vitambaa mjini, naye tangu utotoni akawa anaokota masalio chini ya meza za mafundi cherehani wa sokoni. Alipenda kusema kwamba baba yake anauza marobota na watu wanayavaa Idi na Krismasi tu, lakini makombo ya binti yake yanalala na watu mwaka mzima.

Bi Zena hakuwa na haja na Januari. Lakini alijua kwamba sisi wenzake, ikifika wiki ya Krismasi, tutatoweka vijijini na kurudi tumenenepa. Kwa hiyo siku ya kufunga alichemsha chai, akachoma ndizi, akamuuliza kila mtu mambo mawili: mwaka umekufunza nini, na mwaka ujao utashona nini. Ukisema kitu kikubwa mno alikuangalia tu, akakuongezea ndizi.

Mimi aliniongezea ndizi kila mwaka. Kila mwaka nilisema kwamba nitashona Mlima Rungwe. Sikutaka viraka vya mraba vinavyofuatana kama darasa la kwanza. Nilitaka mlima wenyewe, na msitu wake, na ukungu ukiwa umeukaa kiunoni, watu wauone na wanyamaze.

Mara ya kwanza nilinunua kitambaa kipya cha kijani, nikakishona vilevile kilivyotoka dukani. Kilipofuliwa, kijani kikahamia mbinguni, kikahamia kwenye ukungu, nikabaki na mlima ulioyeyuka. Tangu siku hiyo nawaambia wote: kitambaa kipya kifueni kabla ya kukikata, na kama bado kinachuja rangi, kifueni tena. Mara ya pili nikajaza katikati usufi, kwa sababu niliona umejazwa kwenye mito ya watu wa sehemu za joto na ni laini sana. Nilisahau kwamba huku kwetu mvua hainyeshi ikaondoka, huwa inahamia. Usufi ukanywa unyevu, ukateremka pembeni, ukakaa mafungu mafungu kama wageni wa harusi wasiojuana. Hapa katikati tandikeni blanketi kuukuu, basi. Mara ya tatu nikatulia, nikaufanya ukungu kwa kitambaa cha kijivu, nikapiga mishono midogo mpaka vidole vikavimba. Nesi mmoja akaingia, akalitazama kwa muda mrefu, akasema hajawahi kuona kuku anayeatamia aliyeshonwa vizuri namna ile. Alilinunua papo hapo. Alipenda kuku.

Sasa upo mwaka niliojitayarisha kwelikweli. Nilikuwa nimekwisha kukusanya vitambaa, vimefuliwa, vimepigwa pasi, nimewaambia wateja kwamba kuanzia Desemba sipokei kazi ya mtu. Nilisema hivyo kwa sauti ya msanii. Ndipo akaingia Mwalimu Salome.

Mwalimu Salome alikuwa mtu wa Singida, amepangiwa kufundisha shule ya msingi kule Mpuguso, akaolewa na kijana wa kijiji cha Lupepo aliyeitwa Lusajo, dereva wa lori la ndizi. Lusajo alikuwa amefariki miezi michache nyuma, kwa maradhi, akamwachia binti mdogo, Lugano, wa kubebwa mgongoni. Basi Mwalimu akasimama hapo mlangoni na mtoto mgongoni na mfuko mkubwa mkononi, akaumwaga mfuko mezani juu ya mlima wangu. Zilikuwa nguo za mumewe: mashati, suruali, na koti zito la mtumba la rangi ya majani makavu ya chai, ambalo mji mzima ulilijua, kwa kuwa Lusajo alilivaa hata jua lilipowaka.

"Nataka blanketi," alisema. "La hizi."

"Mwalimu, mwezi huu sipokei kazi."

"Nimesikia. Lakini nimekuja."

Bi Zena wakati huo alikuwa mzee, anakaa pale kwenye kona na kazi yake ilikuwa kuchambua viraka na kutukosoa. Akauliza, "Ndugu wa mume wanajua?"

"Wanajua nguo zipo," alisema Mwalimu.

Mnaona jibu hilo. Ni jibu la mwalimu, halina kosa hata moja. Kwao akina Lusajo nguo za marehemu hukaa mpaka ndugu wote wakutane, na mwaka huo walikuwa wamepanga kukutana Lupepo mara baada ya Krismasi. Koti lingekuwa la kaka mkubwa, Ambakisye. Hakuna aliyebishania jambo hilo, na hakuna aliyekuwa amemwuliza mjane.

"Na kwa nini blanketi?" nikamwuliza.

"Mama Bupe, mimi silali. Nikijifunika blanketi la dukani naamka. Nikijifunika koti lake nalala kidogo, lakini halinifikii miguuni, na mtoto anabaki nje. Nataka litufikie wote."

Bi Zena akanitazama. Sijui kama alitaka nikatae au nikubali. Uso wake ulikuwa ule wa kuniongezea ndizi. Nikaukunja mlima wangu, nikauweka kabatini, nikachukua mkasi.

Nawaambieni habari ya koti zito, maana siku moja mtaletewa. Usilikate kabla ya kulifumua. Toa bitana, toa vifungo, toa ile karatasi ngumu iliyomo kwenye kola. Kila kipande kishonee kitambaa chembamba kwa nyuma, la sivyo kikikaa karibu na shati la pamba kitalivuta mpaka lichanike. Na vipande vizito viweke katikati, vikae juu ya kifua cha mtu. Ukiviweka pembeni, blanketi zima litashuka kitandani lenyewe alfajiri.

Koti lilikuwa limekwisha kuwa vipande, na mashati yanafuata, alipokuja Ambakisye.

Mjini kwetu habari hazilipi nauli. Alikuja asubuhi ya mvua, mtu mrefu, amevaa mabuti ya shamba, akasimama mlangoni, akatusalimu Kinyakyusa, salamu ndefu inayosimama kila kituo. Aliulizia ng'ombe ambao hatuna. Kisha akasema, "Nimekuja kwa ajili ya koti la mdogo wangu."

"Karibu," alisema Bi Zena. "Lipo mezani."

Akatazama meza. Akasogea, akainua kipande kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hili ni bega," alisema.

"Bega la kushoto," nikamwambia. Sijui kwa nini niliona ni lazima ajue kwamba ni la kushoto.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nimepanga mpaka maneno, mazuri kabisa, na yote yakaniozea mdomoni, kwa sababu yule bwana hakupandisha sauti. Alivuta kigoda akakaa, na bega la koti juu ya goti lake. "Nimekwisha kuwaambia watu wote kwamba siku ya ndugu kukutana nitalivaa," alisema.

Bi Zena akainuka na futi yake ya kupimia, jambo alilolifanya kwa nadra siku hizo. "Simama."

Akasimama. Bi Zena akampima mkono, akautafuta mkono wa koti mezani, akaupima nao. "Ungeishia hapa," akamgusa karibu na kiwiko. "Na kifungo kisingefunga. Ungeonekana kama umevaa nguo ya mtoto wako."

"Najua."

"Sasa ungelivaaje?"

"Siku ile tu ningelilazimisha." Akakaa tena. "Kisha ningelitundika nyuma ya mlango. Nilitaka niwe naliona nikifunga mlango."

Nje mvua ikawa inaendelea na shughuli zake. Nikampa chai, akaishika bila kuinywa, akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililomtoa Lupepo asubuhi ile: "Huyu mwalimu atamaliza blanketi, kisha atarudi kwao. Atamchukua mtoto, na koti, na kila kitu. Tutabaki na kaburi."

"Umemwuliza?"

"Shemeji haulizwi maneno kama hayo."

"Basi mwulize," alisema Bi Zena, "maana huyo anafunga mwavuli."

Na kweli Mwalimu Salome alikuwa mlangoni, amekuja kuona kazi ilipofikia. Alipomwona shemeji yake na kile kipande gotini, hakurudi nyuma. Alimshusha Lugano chini, akampa vitambaa achezee, akasema, "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Shemeji, wewe utarudi kwenu?"

"Nimeomba uhamisho."

Nilitamani kuingia kabatini na mlima wangu. Ambakisye akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa na daktari jambo alilokuwa analijua.

"Hata hukutuambia."

"Ningemwambia nani?" alisema Mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya darasani ambayo watoto huiogopa kuliko fimbo. "Tangu tuzike mnapita uani. Mmekuja kuuliza mbuzi, mkaja kuuliza pikipiki, mkaja mara mbili kuuliza koti. Hakuna aliyeingia ndani akakaa. Hakuna aliyeniuliza kama nakula, au kama nalala."

Ambakisye alitazama mabuti yake. Halafu akamwuliza, "Unalala?"

"Silali."

"Mimi pia," akasema.

Hapo Bi Zena akakohoa kile kikohozi chake cha kazi. Akasema kwamba tabaka tatu za blanketi haziwezi kutandazwa na wanawake wawili wenye migongo mibaya, na kwa kuwa Mungu ametuletea mtu mwenye mikono mirefu, naye koti halimtoshi, basi ashike pembe ile pale.

Ndivyo alivyoanza kuja. Kila aliposhuka mjini alipitia hapa, akashika pembe, akavuta kwa nguvu zake zote. Ilibidi nimfundishe kwamba blanketi si ng'ombe; ukilivuta wakati wa kupiga bandi, ile mishono ya kushikiza tu, siku ukiliachia litajikunja kama uso wa mwenye deni. Tandaza, lainisha kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje, kisha bandi ndefu ndefu, ndipo ushone. Akalielewa hilo. Asichoelewa ni kwamba fundi ni mimi. Alikuwa na maoni juu ya kila kiraka. Hiki kimekaa mbali na kile. Hiki alikivaa siku ya mvua ya mawe, kisiwe karibu na kola. Mfuko wa ndani wa koti usikatwe, ushonewe juu, mtoto atie mkono. Hilo la mfuko lilikuwa wazo zuri, na liliniuma kwamba halikuwa langu.

Siku moja Mwalimu alikuwa amekaa naye upande wa pili, kila mtu na sindano yake, nami nikachukua shati la mistari ya buluu nikaanza kulikata. Ambakisye akasema, "Hilo shati ni langu."

Mkasi ulikuwa umekwisha kufika kwapani.

"Langu kabisa," alisema. "Aliliazima siku anakwenda kwa shemeji kujitambulisha. Hakuwa na shati la maana. Alisema atalirudisha Jumatatu."

Mwalimu Salome akaacha sindano. "Shati la mistari? Alikuja nalo kwetu Singida. Alimwambia mama yangu kwamba amelinunua kwa ajili ya heshima yake."

"Na viatu?" aliuliza Ambakisye.

"Vya kahawia."

"Vyangu. Alijaza karatasi mbele."

Mwalimu akaanza kucheka. Mwanzoni alijizuia, kisha akashindwa, akajiinamia kwenye blanketi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko, nasi tukamwacha. Ambakisye naye alikuwa anafuta uso kwa kiganja, anasema kwa hasira ya uongo, "Jumatatu. Aliniambia Jumatatu." Shati nililikata lote. Mwenyewe alichagua likae karibu na koti.

Siku ya ukoo ikafika. Bi Zena alikataa kwenda, akasema aliyeshika mkasi ndiye aende. Basi nikapanda Lupepo na Mwalimu, mtoto, na blanketi limefungwa kwa khanga, nami nikiwaza kwamba mtu mwingine saa hizi anashona mlima wake kwa amani. Ndugu walikuwa wamejaa ukumbini na uani, wengine wamekuja kutoka Mbeya na Dar es Salaam. Wakagawa alichokuwa nacho marehemu, kitu baada ya kitu, kwa utaratibu. Mwishoni shangazi yao mkubwa, bibi ambaye hata jogoo alimwomba ruhusa, akauliza, "Na koti?"

Nikaangalia sakafu. Mwalimu akavuta pumzi aseme, lakini Ambakisye alikuwa amekwisha kusimama.

"Koti nilipewa, shangazi," alisema. "Shemeji alinipa mapema. Ila mnajua mimi na Lusajo hatulingani. Lilikuwa dogo. Nikalipeleka mjini kwa fundi, likaongezwe."

Akalichukua blanketi mikononi mwa shemeji yake, akalifungua, akalitandaza mbele ya shangazi, kutoka kwenye kigoda chake karibu mpaka mlangoni.

Yule bibi akainama, akapapasa mabega ya koti, la kushoto na la kulia, akapapasa vifungo nilivyovirudishia kwenye mstari, akaingiza vidole kwenye ule mfuko.

"Limeongezwa kweli," alisema.

"Nimeona limenizidi," akasema Ambakisye. "Nampa shemeji na mtoto wajifunike. Nani ana neno?"

Kama yupo aliyekuwa na neno, alilimeza pamoja na wali.

Ningependa kuwaambia kwamba Mwalimu Salome hakuondoka. Hadithi hupenda hivyo. Uhamisho ulikuja katikati ya mwaka, akaenda. Ambakisye ndiye aliyembebea mizigo mpaka stendi, na blanketi akalishika mwenyewe, hakukubali liwekwe juu ya basi na magunia. Nilikuwepo. Mwalimu akamwambia, "Shemeji, lakini kule kwetu kuna joto. Hili ni la baridi ya huku."

"Hata alfajiri?"

"Alfajiri kuna upepo."

"Basi alfajiri jifunikeni," alisema, akampa. Basi lilipoondoka alibaki amesimama mikono mbele, kama bado amebeba. Lakini wakati wa sikukuu nyingi zilizofuata Mwalimu alikuwa anashuka na binti yake, wanakaa Lupepo wiki nzima, ndani, siyo uani. Na mara moja aliponipigia simu kutoka Singida nilimwuliza kama analala. Akasema siku hizi mtoto ndiye anayemvuta blanketi, kwa hiyo haamki tena kwa huzuni, anaamka kwa baridi. Nikaona ni maendeleo.

Mlima wangu? Vitambaa vyake viliishia kuwa kitambaa cha chini cha blanketi lile, kwa kuwa hatukuwa na kipande kingine kikubwa cha kutosha. Ukiligeuza utaona kijani kitupu, na kijivu kidogo.

Sasa turudi kwenu, maana nimekwisha kuona mmoja anasinzia na chai yangu imepoa. Mmesema malengo yenu: huyu anataka wafuasi mtandaoni, huyu anataka kushona kwa mtindo wa Wajapani, huyu anataka maonyesho Dar es Salaam. Sitawaongezea ndizi, ni ghali siku hizi. Lakini kuna kazi imekuja, nami nimeipokea kwa niaba yenu bila kuwauliza, kama ilivyo desturi ya chumba hiki.

Lugano amekuwa binti mkubwa. Mwaka mpya anakuja kuanza sekondari ya bweni hapa Tukuyu. Amechagua mwenyewe, mama yake kakubali. Na juzi Ambakisye alipita nyumbani kwangu na mfuko. Ameleta nguo zake mwenyewe, anataka zikatwe sasa hivi akiwa hai, ashuhudie, binti wa mdogo wake ajifunike. Nilimwambia nimestaafu. Akasema amesikia, lakini amekuja.

Atakuwa hapa mkishafungua. Mpeni kigoda, mpeni na pembe ya kushika, na muwe na subira, kwa sababu atakuwa na maoni. Kwenye mfuko nimekuta mashati na makoti mawili, lakini suruali nzuri ya kijivu aliyoniahidi haimo. Nilipomwuliza iko wapi, alisema ipo, tusiwe na haraka, ameivaa.